Ziwa Moja Lililogeuka Kuwa Matatu

Mwaka 1856, jarida la jiografia lililohaririwa na August Petermann katika mji wa Gotha, Ujerumani, lilichapa ramani ya Afrika Mashariki iliyowaacha wasomi wa Ulaya vinywa wazi. Ndani ya bara, mahali ambapo wachora ramani wa karne iliyotangulia waliacha karatasi tupu, palikuwa na ziwa moja kubwa kupita kiasi. Ncha yake ya kaskazini ilikaribia ikweta, na ya kusini ilishuka hadi nchi za Nyasa. Umbo lake lilikuwa la konokono asiye na gamba, na ndivyo lilivyopachikwa jina na waliolicheka. Wachoraji wenyewe waliliita Bahari ya Uniamesi, yaani ya Unyamwezi.

Waliolichora ni Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, wamisionari Wajerumani waliotumwa na shirika la Kianglikana la Uingereza na kuishi Rabai, nyuma ya Mombasa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefika kwenye ziwa hilo. Ramani ilikosea, tena vibaya. Lakini katika ramani zote zilizochorwa kuhusu sehemu hii ya dunia, ni chache zinazofundisha kama hii namna maarifa ya nchi yanavyotoka kinywani mwa msafiri hadi kwenye karatasi, na kinachopotea njiani.

Ndani ya Afrika hapakuwa patupu kwenye ramani tangu mwanzo. Katika karne ya 2, Ptolemaio wa Aleksandria alikusanya habari za mabaharia, akaandika juu ya Rhapta, bandari ya pwani ya Afrika Mashariki, na juu ya maziwa mawili yanayoulisha Mto Nile kutoka kwenye Milima ya Mwezi. Mwaka 1154, al-Idrisi alimkamilishia Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia kitabu na ramani ya dunia, kusini ikiwa juu na kaskazini chini, kama ilivyokuwa desturi ya wachora ramani wengi wa Kiislamu. Malindi na Mombasa zimo katika kitabu hicho, pamoja na habari za chuma. Kwa karne nyingi baadaye, Wazungu walijaza sehemu wasizozijua kwa milima ya kubuni, falme za kusikia na picha za tembo. Mwaka 1749, Jean-Baptiste d'Anville wa Ufaransa alichoka na mtindo huo. Alifuta kila kisichokuwa na ushahidi, akaacha weupe.

Ulikuwa uamuzi wa mtu mkweli, na ulistahili sifa. Madhara yake yalikuja polepole. Mtu aliyeitazama ramani hiyo akiwa Paris au London alianza kuuona weupe huo kama nchi isiyo na watu, ilhali maana yake ilikuwa kwamba mchoraji hana habari. Wakati huohuo, Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, na watu wa Mrima, yaani pwani inayotazamana na Unguja, walikuwa wakipanda bara na shanga, nyaya za shaba na nguo za merikani. Njia zilikuwapo, vituo vya maji vilijulikana, hongo (ushuru wa njia) ya kila mtemi ilijulikana. Nchi ilikuwa imepimwa na watu wasiotumia wino.

Hao ndio Erhardt aliowaendea. Mwaka 1854 alikaa Tanga miezi kadhaa akijifunza lugha na kuwauliza wafanyabiashara wa misafara. Rebmann alikuwa amekwisha kuuona Mlima Kilimanjaro na theluji yake tangu Mei 1848, na mwenzao Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya Desemba 1849. Habari zao zilipingwa London na William Cooley, msomi ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki na aliyeamini kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto. Kwa hiyo wamisionari wa Rabai walikuwa na sababu ya kutafuta ushahidi zaidi.

Wafanyabiashara walimweleza Erhardt njia tatu. Ya kwanza ilitoka upande wa Tanga na Pangani ikakata Umasai. Ya pili ilianzia Mrima, ikapita Ugogo na Unyamwezi, ikaishia Ujiji. Ya tatu ilitoka Kilwa kuelekea kusini-magharibi. Wote walisema jambo moja: mwisho wa njia kuna maji makubwa, na mitumbwi huvuka. Erhardt alieleza baadaye kwamba wazo liliwajia yeye na Rebmann kwa wakati mmoja walipokuwa wakijadiliana: kama njia zote tatu zinaishia majini, basi maji hayo ni mamoja.

Kila msimulizi alisema kweli. Aliyefika kaskazini aliona Nyanza (Ziwa Victoria la leo), wa Ujiji aliona Tanganyika, wa Kilwa aliona Nyasa. Kosa lilikuwa katika kuunganisha. Mtu wa msafara humwambia mwenzake siku ngapi za kutembea kutoka maji haya hadi maji yale, wapi pana chakula, wapi pana vita. Huo ni umbali wa muda na wa taabu, na kwa mwenye kubeba mzigo ndio umbali wenye maana. Siku moja ya kupita mbuga kavu ya Ugogo hailingani na siku moja ya kupita vijiji vya Unyamwezi penye mtama na kuku. Mchoraji anapozigeuza siku hizo kuwa maili na kuzipanga kwenye karatasi yenye mistari ya latitudo, anakuwa amebadilisha kipimo na swali pia. Walioulizwa walisimulia njia kutoka pwani kwenda magharibi. Swali la njia ya kutoka ziwa hadi ziwa, kaskazini kwenda kusini, halikupata jibu lililoweza kuitengua dhana ile.

Hapa ndipo wanafunzi wa jiografia wanapopaswa kusimama kidogo. Vitabu vya shule huanza na mahali, umbali, mwelekeo na kipimio, kana kwamba ni vitu vilivyokwisha kukubaliwa na kila mtu. Tanga ya mwaka 1854 inaonyesha kwamba hata umbali una mwenyewe.

Ramani ya konokono ilipofika kwenye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, London, wengi waliicheka na kutikisa vichwa, kama John Hanning Speke alivyosimulia baadaye. Hata hivyo jumuiya hiyo ilitoa fedha za kwenda kuhakikisha. Wasafiri wake, Richard Burton na Speke, walifika Unguja Desemba 1856, na katikati ya 1857 wakaondoka Mrima na msafara wao. Novemba mwaka huohuo waliingia Kazeh, pale palipo Tabora ya leo.

Kazeh ilikuwa njia panda. Msafara wa kutoka pwani ulifika hapo, wapagazi wakalipwa na kutawanyika, wengine wakaandikwa, na bidhaa zikagawanywa kuelekea Ujiji magharibi, Karagwe na Buganda kaskazini, au kusini hadi Urori. Wanajiografia wa leo wangeiita kitovu cha kanda ya shughuli: eneo ambalo halishikwi pamoja na mpaka wala na sura ya ardhi, ila na mwendo wa watu na mali unaoelekea sehemu moja. Reli ya Kati ilipojengwa na Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa uelekeo wa njia ile ya miguu.

Hapo Kazeh aliishi Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman, mtu mwenye elimu aliyewakaribisha wageni na kuzungumza na Burton kwa Kiarabu. Wageni walimfungulia ile ramani. Snay na wenzake hawakuhitaji kufikiri sana. Ziwa si moja, walisema. Kuna la Ujiji upande wa magharibi, kuna la Ukerewe kaskazini, na la Nyasa liko mbali kusini. La Ukerewe, aliongeza Snay, ni pana kuliko la Ujiji. Konokono alikatwa vipande vitatu barazani Tabora, kabla Mzungu yeyote hajaona maji hayo mawili ya kwanza.

Historia nyingi hupita haraka juu ya siku hiyo ili zifike kwenye "ugunduzi". Huo ni udhalimu kwa Snay na wenzake. Safari iliyofuata ilithibitisha kauli yao.

Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, Burton akibebwa kwa kuwa miguu ilikuwa imekataa, Speke akiwa haoni vizuri kwa maradhi ya macho. Waliporudi Kazeh, Burton alibaki akiandika, na Speke akaenda kaskazini kulitafuta ziwa la Snay. Tarehe 3 Agosti 1858, karibu na Mwanza, alisimama kilimani na kuyaona maji. Aliyapa jina la malkia wake, Victoria, akatangaza kwamba hapo ndipo chimbuko la Nile.

Ushahidi wake mmojawapo ulitoka kwenye birika. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri mtu anavyopanda juu, kwa hiyo msafiri mwenye kipimajoto angeweza kuchemsha maji, kusoma joto lake na kukadiria yuko juu ya bahari kwa kiasi gani. Vyombo vyao vilikuwa vibovu na hesabu ya Tanganyika ilitoka chini mno. Lakini tofauti ilijionyesha: ziwa la kaskazini liko juu zaidi. Vipimo vya leo vinasema Nyanza iko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika takriban mita 770, na Nyasa chini ya mita 500. Maji mamoja hayawezi kukaa kwa ngazi.

Speke hakujua Kiarabu na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Aliyemfikishia maneno ya watu wa Mwanza alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akapelekwa India, na bwana wake alipofariki akawa huru na kurudi Unguja. Swali la Speke lilitoka kwa Kihindustani, Bombay akaligeuza Kiswahili, na mara nyingine mtu wa tatu akaligeuza tena kwa lugha ya mahali. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo. Bombay alisafiri tena na Speke na James Grant, kisha na Henry Stanley alipomtafuta Livingstone, kisha na Verney Cameron aliyelivuka bara kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Mwaka 1876 jumuiya ya London ilimpa nishani ya fedha na pensheni. Nyanza, Tanganyika, Nile ya juu: ni vigumu kumtaja mtu mwingine wa karne ile aliyeyaona mengi kuliko yeye. Ramani hazikubeba jina lake.

Ubishi haukuisha. Burton alikataa kukubali, na wengine wakaja kudai kwamba Nyanza ya Speke si ziwa moja ila madogo kadhaa, kosa la konokono likigeuzwa kichwa chini. Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo kati yake na Burton huko Bath. Stanley ndiye aliyelizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875 na kuonyesha kwamba ni moja.

Miaka tisa tu baada ya mashua ya Stanley, aina nyingine ya mstari ilianza kuchorwa.

Ramani za wasafiri zilitaka kuonyesha kilichopo. Hizi mpya zilitaka kuamuru kiwepo. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za watawala kwenye mikataba ya Kijerumani, na Februari 1885 serikali ya Berlin ikampa kampuni yake hati ya ulinzi. Sultani Barghash wa Unguja alipinga. Uingereza, Ujerumani na Ufaransa zikaunda tume ya kupima utawala wake unafika wapi, Herbert Kitchener akiwakilisha Uingereza. Makubaliano ya London na Berlin ya mwaka 1886 yalimwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kutoka Kipini kushuka hadi kusini karibu na Mto Ruvuma. Desemba mwaka huo Barghash alilazimika kukubali.

Maili 10. Hakuna mto, kilima wala kaya ya Wamijikenda iliyojipanga kwa kipimo hicho. Mamlaka ya Sultani yalikuwa ya bandari na njia: yenye nguvu Bagamoyo, yenye heshima Tabora, hafifu katika kijiji kilicho nusu siku kutoka Pangani kisichopitiwa na msafara. Yalitandazwa yakawa utepe wa upana mmoja, kwa sababu utepe unachoreka.

Makubaliano hayohayo yaligawa bara. Mstari ulianzia mdomo wa Mto Umba, ukaenda Ziwa Jipe, ukapita kati ya Taveta na Uchagga, ukazunguka mguu wa kaskazini wa Kilimanjaro, kisha ukanyooka hadi ufuo wa Nyanza penye latitudo ya digrii 1 kusini. Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba Malkia Victoria alimpa mlima mjukuu wake, Kaisari Wilhelm, kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Tarehe zinaikataa. Wilhelm wa Pili alishika ufalme Juni 1888, miaka miwili baada ya mstari kupindwa. Sababu ya kupinda ilikuwa ya kawaida zaidi: Wajerumani walikuwa na mkataba na Mandara wa Moshi, na Waingereza walikuwa na ule wa Harry Johnston huko Taveta, tena waliitaka Mombasa. Kila upande ukabaki na karatasi yake.

Leo mpaka huo wa takriban kilomita 770 unawagawa Wadigo kati ya Lungalunga na Horohoro, Wamasai pande mbili za Namanga, Wakuria kati ya Isebania na Sirari. Nyumbu zaidi ya milioni moja huuvuka kila mwaka kati ya Serengeti na Maasai Mara. Taveta, soko lililolishwa na Wachagga na Wapare, likaangukia nchi nyingine.

Ukanda wa maili 10 ulikuwa na maisha ya ajabu kuliko mstari wowote. Sehemu ya kusini Wajerumani waliinunua kwa Sultani kwa marki milioni 4. Ya kaskazini, Uingereza iliikodi mwaka 1895 kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Bara la Kenya lilipofanywa koloni mwaka 1920, pwani ilibaki himaya, na bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Mtoto aliyezaliwa Malindi alikuwa raia wa Sultani kisheria, huku akihukumiwa na ofisa wa Kiingereza na kununua sukari kwa sarafu ya Afrika Mashariki.

Uhuru ulipokaribia, utepe wa 1886 ukawa suala la watu. Chama cha Mwambao kilitaka pwani ijitawale au irudi chini ya Unguja. Ronald Ngala, kiongozi wa chama cha KADU aliyetoka pwani hiyohiyo, alitaka majimbo ndani ya Kenya. Chama cha KANU kilitaka nchi moja. Ni vigumu kupata mfano bora wa somo la kanda. Mwambao kisheria ulikuwa na upana wa maili 10. Mwambao wa shughuli ulifuata reli na bandari ya Mombasa hadi Kampala. Mwambao ulio vichwani mwa watu ulianza Lamu, ukavuka mpaka wa wakoloni bila kuuona, ukafika Tanga, Bagamoyo, Kilwa na visiwani, ukishikwa na lugha, misikiti, ndoa na majahazi. Tatu hizo hazikulingana hata kidogo, na kila mwanasiasa alichora ile iliyomfaa.

James Robertson, aliyetumwa kuchunguza, alipendekeza mwaka 1961 ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walikubaliana kwa barua: Zanzibar inaachia, Kenya inalinda mahakama za kadhi, mafundisho ya Kiarabu na hati za ardhi za watu wa pwani. Desemba bendera nyekundu ikashushwa. Mwezi mmoja baadaye mapinduzi yalimwondoa Sultani mwenyewe.

Julai 1964 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Cairo na kuazimia, kwa pendekezo la Julius Nyerere, kuheshimu mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru. Somalia na Morocco hazikuridhia. Nyerere hakuipenda mipaka hiyo. Aliogopa zaidi vita vya kuirekebisha. Kwa kuangalia yaliyotokea Ogaden, kati ya Somalia na Ethiopia, hofu yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo azimio halikumaliza kila kitu. Mkataba wa 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliweka mpaka kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Nyasa, na Malawi inaushikilia mpaka leo. Tanzania inadai mpaka uko katikati ya maji. Mkia wa konokono wa Erhardt bado una kesi.

Mahakama za kadhi nazo zimo katika Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Sharti la barua ya 1963, lililotokana na utepe uliochorwa 1886, bado lina hakimu, karani na watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri kesi ya mirathi isomwe.

Atlasi nyingi za shule zetu huanza na mstari wa ikweta na rangi za nchi, halafu hupita kwenye mvua na mazao. Mwalimu wa jiografia anayesoma haya atafute ramani ya 1856, aiweke kando ya ramani ya sasa, awaachie wanafunzi waoanishe maziwa matatu na lile moja. Kisha awatume nyumbani wakawaulize wazee mpaka wa kijiji chao uko wapi, unajulikana kwa nini, na ni nani aliyeuweka. Na jina la Snay bin Amir na la Sidi Mubarak Bombay liandikwe ubaoni kabla ya la Speke.